Moshi wa Nyumba ya Mwamikazi

Jumapili ile Eulalie hakumwambia baba yake anakwenda wapi hasa. Alisema tu kwamba Madame Hortense anamhitaji, na kwa kuwa Madame Hortense ndiye aliyekuwa mkubwa wa foyer, kituo cha wanawake, ambako Eulalie alifundisha wasichana wa Kadutu kushona, Papa Anaclet hakumchimba zaidi. Aliweka kikombe chake cha chai mezani, akamtazama binti yake kwa jicho la mtu ambaye tayari ana furaha yake mfukoni.

"Urudi mapema," alisema. "Kesho batu ba Placide banakuya. Sipendi bakukute na uso wa kuchoka."

"Nitarudi mapema, papa."

Placide, mposaji wake, alikuwa karani, mpole, msafi, mtu wa kumsalimu kila mmoja kwa jina. Hilo ndilo lililomchosha Eulalie. Angekuwa mlevi au mwongo, ingekuwa kazi rahisi kumkataa. Lakini humkatai mtu mwema bila kusema sababu, na sababu ya Eulalie ilikuwa na jina: Télesphore.

Télesphore alifika foyer siku moja kuomba sindano nene ya kushonea ngozi. Eulalie alimuuliza ni ngozi gani, akajibu kwa utulivu kabisa, "Ya chui. Mwami alikuwa anaikalia." Eulalie alicheka akidhani ni utani. Haukuwa utani. Kijana huyo alikuwa mwangalizi wa ikulu ya zamani ya Lugohwa, huko vilimani juu ya mji. Mwami kijana, mfalme wa sasa, alikuwa amehamia nyumba ya matofali kando ya barabara, na boma la babu zake, pamoja na nyumba zake kubwa za nyasi, likaachwa wazi kwa wageni wa hoteli za Bukavu, waje kila Jumapili kutazama na kupiga picha. Télesphore ndiye aliyewatembeza.

Tangu siku ile ya sindano, kila aliposhuka mjini kununua chumvi, ilimbidi apite mlango wa foyer, ingawa chumvi ilikuwa ikiuzwa upande mwingine kabisa.

Papa Anaclet alimwalika mara mbili aje na wazee wake. Mara mbili Télesphore aliitikia, na mara mbili pombe ya ndizi ilichacha mtungini bila mtu kuja.

"Mutu wa ikulu," Papa Anaclet alisema mara ya pili, akimwaga pombe ile nyuma ya nyumba, "amezoea kusimama ku mulango wa mwenzake. Mulango wake mwenyewe hana. Sitaki kusikia tena hilo jina."

Eulalie hakulitamka tena. Lakini jina usilolitamka hukaa palepale kifuani, likikuuliza maswali. Kwa nini mtu mwenye macho kama yale, ambayo yakikutazama unajisikia umetazamwa kwa mara ya kwanza, aahidi na asije? Anaficha nini huko juu? Basi Madame Hortense aliposema kwamba anawapeleka Lugohwa wageni wake wawili, mume na mke waliotoka Ulaya, na kwamba angependa kuwa na msichana wa kumsindikiza, Eulalie alijibu haraka mno hata mwenyewe akaona haya.

Gari lilitoka mtaa wa Nyalukemba, likaliacha ziwa chini, likapanda katikati ya migomba mpaka hewa ikawa ya baridi. Madame Hortense aliendesha mwenyewe, kofia ya majani kichwani. Walipofika juu, Eulalie alishuka na kusimama tu. Alizaliwa na kukulia karibu na kilima hiki, na hakuwahi kukipanda. Uzio wa matete yaliyosukwa ulizunguka kilele chote, mrefu kuliko mtu aliyeinua mkono, na nyuma yake mapaa ya nyasi yaliinuka, makubwa, ya duara. Langoni kulikuwa na nguzo mbili za mti mweusi, zimelainishwa na viganja vya watu waliokwisha kufa zamani.

Na kati ya nguzo hizo alisimama Télesphore, shati jeupe, tabasamu la kupokea wageni usoni.

"Soyez les bienvenus," alianza kuwakaribisha. Kisha akamwona Eulalie, na tabasamu likamponyoka kama samaki mkononi.

Mgeni mwanamume alidhani amesahau maneno, akamtia moyo kwa kutikisa kichwa. Télesphore alikohoa, akaanza upya. Aliwaingiza ndani ya nyumba kubwa, mle ambamo giza lilinukia moshi mkavu na maziwa ya zamani, akawaonyesha ngozi ya chui, mikuki, kiti cha miguu mitatu. Kifaransa chake kilikuwa kizuri, cha shule ya misheni. Kila alipomaliza jambo aliomba ruhusa kwa adabu: "Sasa nimweleze mademoiselle kwa Kiswahili." Wageni walikubali. Waliona ni uungwana.

"Nguzo hii," aliwaambia wageni kwa Kifaransa, akigusa ule mti mnene wa katikati, "ilikatwa msitu wa mbali, na waliobeba hawakuruhusiwa kuitua chini njiani."

Kisha akamgeukia Eulalie kumuuliza sababu, sauti ileile, mkono uleule ukiwa juu ya nguzo.

"Juu ya nini ulikuya bila kuniambia?"

"Nilikuya kuangalia nyumba," Eulalie alijibu, akiitazama nguzo kama mtu anayefuatilia historia. "Endelea na kazi yako."

"Ile siku ya pili nilivaa viatu, Eulalie. Nilifika mpaka ku muto. Nikarudi."

"Juu ya nini ukarudi?"

"Nguzo hii iko na uzito," alisema Télesphore. "Na mutu anayeibeba hana ruhusa ya kuiweka chini."

"Anasema nini?" aliuliza mgeni mwanamke, akivutiwa na uso wa msichana.

"Maelezo ya nguzo, Madame," alijibu Télesphore. Madame Hortense aliinamisha kofia yake, akaangalia viatu vyake.

Eulalie alitaka kukasirika, lakini udadisi ulimshinda. Alijikuta anamtazama Télesphore kuliko vitu alivyoonyeshwa. Alivyoinama kuingia kila mlango, hata pale paliporuhusu kusimama wima. Alivyogusa kila kitu kwa nyuma ya vidole, si kwa kiganja. Mjini alikuwa kijana wa shati jeupe kama wengine. Hapa alitembea kama mtu anayepita karibu na aliyelala.

Walipotoka uani, mgeni mwanamume alinyoosha kidole. Mwisho wa boma, nyuma ya uzio mwingine mdogo, kulikuwa na nyumba ndogo ya nyasi iliyokaa peke yake.

"Na ile?"

"Ilikuwa nyumba ya mwamikazi, mke wa mwami aliyetangulia," alisema Télesphore haraka. "Ni tupu. Hakuna anayekaa humo. Twende kwenye ngoma."

Eulalie aliitazama nyumba hiyo tupu. Juu ya paa lake moshi mwembamba wa buluu ulikuwa ukichuja katikati ya nyasi. Na kwenye uzio, kikining'inia juani, kilikuwapo kikwembe kipya cha manjano, kitenge cha mwanamke, bado kinadondosha maji.

Moyo wake ulipiga mara moja kwa nguvu, kisha ukawa mzito.

"Nyumba tupu inapika?" alisema polepole.

Télesphore aligeuka. "Eulalie, nakuomba. Usiulize hapa."

"Nani anafua vikwembe mu nyumba tupu?"

"Nitakueleza. Siyo mbele ya bageni."

Kumbe ndiyo hii, Eulalie alijisemea. Ndiyo iliyomrudisha kutoka mtoni. Ana mke. Kila kitu kilipangika vizuri kichwani mwake, na kilivyozidi kupangika ndivyo kilivyozidi kuuma. Wengine walipoinama kuingia nyumba ya ngoma, yeye alibaki nyuma, akasubiri mgongo wa Madame Hortense upotee gizani, kisha akakata uwanja kwa hatua ndefu. Angekwenda nyumbani leo akiwa ameona kwa macho yake. Na kesho angewakaribisha watu wa Placide kwa uso mkavu.

Aliinua mkeka wa mlangoni.

"Télesphore?" iliuliza sauti ya mwanamke.

Macho ya Eulalie yalichelewa kuzoea giza. Kwanza aliona moto, kisha chungu, kisha mikono miwili iliyokunjamana ikichambua maharage kwa kupapasa. Mwenye mikono hiyo alikuwa bikizee mwembamba, amekaa wima kabisa, kichwa chake cheupe kimenyolewa vizuri, macho yake yamefunikwa na ukungu.

"Siye Télesphore, mama," alisema Eulalie. "Nisamehe. Nimekosea nyumba."

"Hakuna anayekosea nyumba hii. Iko peke yake." Bikizee alinyoosha mkono. "Sogea. Nipe vidole."

Eulalie alipiga magoti, akampa mkono. Bikizee alipapasa ncha za vidole vyake, pale sindano ilipoacha ugumu, akacheka kimyakimya.

"Kumbe njo weye, yule wa sindano. Anakusema kila jioni. Anasema uko na sauti ya mutu anayetaka kujua kila kitu."

Nyuma yao mkeka uliinuliwa kwa nguvu. Télesphore alisimama mlangoni, anahema.

"Mama, samahani. Sikumuleta miye."

"Alijileta," alisema bikizee. "Ni vizuri zaidi."

Huyo alikuwa Mwamikazi Nsimire, mjane wa mwami aliyetangulia. Wenzake wote walihamia nyumba za matofali, yeye akakataa. Alimchukua Télesphore akiwa mtoto mchanga, mama yake alipofariki akimzaa humohumo uani, na hakuwa na mtoto mwingine. Hayo Télesphore aliyaeleza akiwa bado amesimama, bila kumtazama Eulalie.

"Na bageni unabadanganya nyumba ni tupu," alisema Eulalie.

"Zamani mumoja aliingia na mashine ya picha. Akamuwashia mwanga usoni bila hata kumusalimu. Mama akalia siku nzima." Télesphore alisogea karibu na bikizee. "Ngoma inaonyeshwa. Nguzo inaonyeshwa. Mama haonyeshwi."

Ule uzito wa kifuani mwa Eulalie uliyeyuka, lakini mahali pake palikuja kitu kingine, cha moto zaidi.

"Muzuri. Na miye? Juu ya nini hukuniambia?"

"Ningekuya kwa papa yako na nani? Wazee wangu ni huyu mama. Na yeye hawezi kutoka. Mujane wa mwami akivuka lile lango, harudi tena kama mwenye nyumba. Anarudi kama mugeni tu. Njo desturi yetu. Nilikuwa nifike Kadutu peke yangu, kama mutu aliyeokotwa ku njia?"

"Ungeniambia!"

"Nikuambie nini? Uko monitrice, mwalimu wa kushona. Uko na kazi, uko na umeme wa mji. Nikuambie uache vyote ukuye kupuliza moto wa mujane huku juu? Nilisema afazali unichukie."

"Ulisema!" Eulalie aliinuka. Machozi yalimjia, na yalimkera. "Papa anasema nitaolewa na Placide. Weye unasema nitakuchukia. Kila mutu anasema. Nani aliniuliza miye?"

Maharage yaliacha kuanguka ndani ya ungo.

"Miye nakuuliza," alisema Mwamikazi Nsimire. "Unamupenda?"

Eulalie alimtazama Télesphore, aliyesimama kama mshtakiwa, kola ya shati lake jeupe imelowa jasho.

"Namupenda, mama. Lakini niko na hasira naye."

"Ah." Bikizee alitikisa kichwa kwa ridhaa. "Hayo mawili yanakaa nyumba moja. Niliyaweka hapa miaka yote, na mume wangu alikuwa mwami." Aliweka ungo kando. "Na huyo Placide, batu bake banakuya lini?"

"Kesho."

"Basi ni leo. Niletee kile kikwembe, hata kama hakijakauka."

Télesphore alielewa kabla ya Eulalie. Alipiga magoti. "Mama, hapana. Lango."

"Lango nalijua. Nililijua kabla yako."

"Utalala wapi?"

"Nyumba yako haiko nje ya uzio, pale ku barabara? Au nayo ni tupu, haina mutu?" Alimshika kichwa kwa mikono yote miwili. "Mwami alipokufa nilisema nitamuangalizia nyumba. Nimeiangalia. Sasa niache niangalie kitu kinachopumua."

Walitoka nje polepole, yeye katikati, mkono mmoja begani kwa Télesphore, mwingine begani kwa Eulalie. Wageni walikuwa wametoka nyumba ya ngoma na kusimama uwanjani, wakishangaa. Mgeni mwanamume aliinua mashine yake ya picha. Kabla Télesphore hajafungua mdomo, mkono wa Madame Hortense uliishusha.

"Mama," alisema Madame Hortense, na Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni Kadutu kabisa, "gari langu liko pale. Mutakaa mbele, karibu na miye. Njia iko na mashimo, nitaenda polepole."

Eulalie alihisi masikio yake yanawaka. Foyer nzima walijua Madame husema Kifaransa tu. "Madame... munasikia Kiswahili?"

"Tangu sijaota mvi. Mukiamini sisikii, munasema ukweli." Akamgeukia Télesphore. "Na ile maelezo ya nguzo, kijana, ilikuwa mazuri sana. Sijasikia mazuri kama ile."

Télesphore aliinamisha kichwa chini kabisa.

Langoni Mwamikazi Nsimire alisimama. Alipapasa nguzo moja nyeusi, kisha ya pili, kama anayeaga watu wawili. Upepo ulipita juu ya mapaa. Hakuna aliyemharakisha.

"Mara ya mwisho nilipita hapa nilibebwa," alisema. "Nilikuwa bibi harusi, uso umefunikwa, sikuona njia. Leo pia siioni. Lakini leo najua ninaenda wapi."

Akainua mguu, akavuka.

Télesphore alilia bila sauti. Eulalie alimwona, na hasira yake, ambayo alikuwa ameiandaa kwa ajili ya njia nzima, ikakosa pa kukaa.

Wageni walipokwisha kushushwa mjini, gari likasimama Kadutu, nyumbani kwa Eulalie, na majirani wote walitoka nje. Papa Anaclet alikuja mlangoni tayari kugomba, kwa maana jua lilikuwa limeshuka, na wa kwanza aliyemwona alikuwa Télesphore. Uso ukamkunjamana. Kisha akaona ni nani aliyeshikwa mkono. Anaclet alizaliwa vilimani. Utoto wake wote aliambiwa kwamba mke wa mwami hatazamwi usoni. Magoti yake yalikunjika yenyewe, akapiga makofi ya heshima, taratibu.

"Asinge, Mwamikazi. Asinge."

"Simama, papa," alisema bikizee. "Yule unayemusalimu nimemuacha ndani ya lango. Anayesimama hapa ni mama wa kijana. Niko na mutoto, nawe uko na mutoto. Nimekuya kuomba."

Aliletewa kiti kizuri kupita vyote nyumbani, akakikataa. Alikaa mkekani, mahali wanapokaa waombaji, na Papa Anaclet, akiona hawezi kukaa juu yake, naye akateremka mkekani. Mama Emérence, mkewe, alisimama kando na birika mkononi, amesahau alikuwa anataka kumimina nini.

"Mama," alisema Papa Anaclet, akihangaika, "unaniweka pabaya. Nimekwisha kusema neno na batu bengine."

"Umepokea ng'ombe yao?"

"Bado."

"Pombe yao?"

"Kesho ndio banaleta."

"Basi ni neno tu. Neno linaweza kurudishwa, mutu akilibeba mwenyewe kwa adabu."

Papa Anaclet alimgeukia Télesphore. "Nilikungojea mara mbili. Mbele ya majirani. Unajua haya ya mutu anayemwaga pombe peke yake?"

"Nilikosa, papa," alisema Télesphore. "Niliogopa kukuya bila mama, na niliogopa kumutoa mama. Woga wangu ukakutia haya. Siko na maneno mengine."

"Na mutoto wangu ataacha kazi yake, aende kuishi ku kilima?"

"Kilima nacho kiko na basichana, papa," alisema Eulalie. "Na Madame alisema mu gari foyer inaweza kupanda juu pia."

Madame Hortense, aliyebaki mlangoni, alitikisa kofia.

Papa Anaclet alimtazama binti yake kwa muda mrefu. Mtu angesema alikuwa akipima kitambaa ambacho hakujua kilikuwamo ndani ya nyumba yake.

"Eulalie. Nimewahi kukuuliza neno lolote mu nyumba hii?"

"Hapana, papa."

"Leo nauliza. Huyu mutu unamujua?"

Eulalie alitazama mkekani. Télesphore alikuwa amekaa nyuma kidogo ya bikizee, kiganja chake kimetandazwa nyuma ya mgongo wake bila kumgusa, ili akichoka apate pa kuegemea.

"Asubuhi sikumujua," alisema. "Sasa namujua."

Nje, watoto wa jirani walikuwa wakilizunguka gari. Papa Anaclet aliinuka, akajipangusa magoti, akachukua kofia yake msumarini.

"Unaenda wapi?" aliuliza Mama Emérence, akipata sauti yake hatimaye.

"Kwa Placide. Ni mutu muzuri. Hafai kusikia hili neno kwa jirani." Alivaa kofia, akainamia mkeka. "Emérence, muletee mama maziwa, na umutandikie kitanda chetu. Leo hapandi gari mara ya pili."

Alifika mlangoni, akageuka, akamnyooshea Télesphore kidole.

"Na weye, ngoja hapo. Nikirudi nikukute."

"Ndiyo, papa," alisema Télesphore.

Na akamkuta.